Kazi Yangu Ilikuwa Kuandika "Hakuna"

Watu wakisikia umefanya utafiti wa madini porini, swali la kwanza huwa ni moja: mlipata? Nimezoea kujibu kwamba tulipata sana, tulipata maeneo mengi yasiyo na kitu. Wanacheka wakidhani natania. Leseni ya utafiti inaweza kuwa na kilomita za mraba mia moja, mia mbili, na mgodi, hata ukiwa mkubwa, utakaa kwenye kilomita chache tu kati ya hizo. Kinachobaki chote ni kazi ya kufuta, na kufuta kwa namna ambayo atakayekuja nyuma yako hatalazimika kurudia. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kusini mwa Tanzania, zaidi upande wa Ruvuma. Tulianza na urani, kisha tukageukia dhahabu, shaba na nikeli.

Kugeuka kwenyewe hakukutokana na jiwe. Mwaka 2007 ratili moja ya urani iliuzwa kwa zaidi ya dola 130, na kila kampuni ndogo ya utafiti ikawa na ramani ya miamba ya Karoo, ile ya kale ya mchanga, ukutani. Machi 2011 ikatokea ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani ikazima vinu vyake, na kufikia mwishoni mwa 2016 bei ilikuwa chini ya dola 20. Kambi zikafungwa moja baada ya nyingine. Zilizobaki zilibaki kwa sababu mwenye mtaji aliamua kwamba pori lile lile sasa litafutwe kitu kingine. Ndivyo watu waliozoea kutembea na vipima mionzi walivyojikuta wameshika karai, wakichenjua mchanga wa mtoni.

Urani ya kusini ina mantiki yake. Kati ya Songea na Tunduru, na kwenda kaskazini hadi ndani ya lililokuwa Pori la Akiba la Selous, kuna mabonde ya kale yaliyojaa miamba ya mchanga ambayo mito iliilaza huko zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Urani huyeyuka kwenye maji yenye oksijeni na kusafiri nayo chini ya ardhi. Maji hayo yakikutana na kitu kinachomaliza oksijeni, mabaki ya miti iliyozikwa kwa mfano, au pairiti (madini ya chuma na salfa), urani inaganda hapo hapo. Kwa hiyo unachotafuta ni mpaka: upande huu mwamba umepata rangi ya kutu, upande ule bado ni wa kijivu. Amana ya Nyota, yaani mrundikano wa madini ulio kwenye mradi wa Mto Mkuju wilayani Namtumbo, imo ndani ya miamba hiyo ya mchanga. Kwa ajili yake, mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia iliridhia mpaka wa Selous usogezwe ili eneo la mgodi libaki nje.

Hatukuwa wa kwanza kufika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege zilipita juu ya nchi zikipima usumaku na mionzi, na kampuni ya Kijerumani ya Uranerzbergbau ikafuata kwa miguu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ramani zao zilikuwa na madoa, na kila doa lilikuwa mahali ambapo chombo cha ndege kilishtuka. Sisi tulitumwa kuyatembelea madoa hayo pamoja na mengine mapya, kukata mikuza kwa panga, kusoma kipima mionzi kila baada ya hatua kadhaa, na kuandika.

Kipima mionzi kina tabia ya kumfurahisha mtu mapema. Kinalia. Ukikaribia mahali penye mionzi mlio unakazana, na kijana aliyetoka chuoni juzi hawezi kujizuia asikimbie. Nakumbuka mmoja wao aliyechimba shimo la futi tano kwenye kingo ya korongo, akaingia humo na mashine, akaanza kupaza sauti kutoka chini.

"Mkuu, inapanda! Juu ilikuwa mia mbili, huku chini inakaribia mia nne!"

Nikamwambia atoke, aweke mashine kwenye jiwe tupu la aina ile ile pale juu, kisha anieleze kuna tofauti gani kati ya kusimama juu ya jiwe na kuzungukwa nalo. Alikaa kimya kidogo, halafu akacheka mwenyewe. Ukiwa juu ya ardhi tambarare, mionzi inakufikia kutoka chini tu. Ukiwa shimoni inakufikia kutoka pande zote, na namba inaweza kukaribia maradufu bila jiwe lenyewe kubadilika hata kidogo. Ni hivyo hivyo ukipima chini ya jabali au ndani ya korongo jembamba. Tangu siku hiyo daftari letu lilikuwa na safu ya ziada ya kuandika mpimaji alisimama wapi: juu, ukingoni au ndani.

Mvua nayo inadanganya. Urani ikioza, yaani atomu zake zikivunjika zenyewe, huzaa gesi ya radoni, na radoni iliyo hewani huzaa chembe nyingine zinazonata kwenye vumbi. Mvua ikinyesha inaziosha na kuzishusha ardhini, na kwa muda wa saa mbili tatu hivi pori zima linaonekana lina utajiri. Kwa hiyo mvua ikikatika watu walipumzika, wakanoa panga, wakapanga mifuko ya sampuli. Msimamizi mmoja aliyetutembelea kutoka mjini alituona tumekaa akadhani ni uvivu. Tulimwacha adhani hivyo hadi mchana, tukampa mashine akapima mwenyewe mahali alipopima asubuhi.

Halafu kuna thoriamu, metali nyingine yenye mionzi. Mchanga mweusi unaojikusanya kwenye mikunjo ya mito mara nyingi hubeba monazaiti, na monazaiti ina thoriamu ya kutosha kuifanya mashine ilie kama imekanyagwa. Graniti yenye felspa nyingi nayo italia kwa sababu ya potasiamu. Mashine ya kawaida inayohesabu mipigo yote kwa pamoja haitofautishi. Unahitaji ile inayotenganisha nishati: potasiamu inasomwa kwenye 1.46 MeV (kipimo cha nishati hiyo), urani kwenye 1.76, thoriamu kwenye 2.61. Madoa kadhaa ya ndege yalikufa kwa kipimo hicho peke yake, tukiwa bado tumesimama, kabla ya kuchimba chochote.

Hata hivyo usomaji safi kwenye dirisha la 1.76 haujathibitisha urani. Mionzi ile haitoki kwenye urani yenyewe. Inatoka kwa mtoto wake wa mbali, bismuthi 214, anayezaliwa baada ya radiamu. Maji yanaweza kuipitia amana ya zamani, yakaibeba urani na kuiacha radiamu nyuma. Miaka mingi baadaye unafika wewe, mashine inapiga kelele, unachukua sampuli, na maabara inakurudishia karibu sifuri. Kinyume chake pia hutokea: urani iliyofika karibuni haijazaa watoto wa kutosha, na mashine inapita juu yake kimya. Katika hali hiyo neno "hakuna" lililoandikwa kwa kuitegemea mashine tu ni neno hatari, na ndiyo maana nilikuwa mkali kuhusu mifuko. Kila mahali tulipofuta, sharti tulipe maabara ifute pamoja nasi, angalau kwa sampuli chache.

Mbung'o waliomo kwenye pori lile sitawaeleza kwa kirefu. Wanapenda rangi ya buluu iliyoiva na nyeusi, na kampuni moja iliwahi kutugawia ovaroli za buluu iliyoiva. Inatosha.

Aliyetufundisha mengi hakuwa na cheti. Alikuwa mzee wa kijiji kilicho pembezoni mwa pori, amewahi kuwatembeza watu wa wanyamapori, na anazijua chemchemi zote. Asubuhi tulimwamkia, naye baada ya "marahaba" alikuwa anauliza tunakwenda wapi, kisha anatikisa kichwa au hatikisi. Siku moja tulimweleza kwamba tunataka kujua udongo wa chini una nini, lakini juu kuna mchanga mzito ulioletwa na mto kutoka kwingine, kwa hiyo sampuli ya juu haitusaidii.

"Mwanangu," akasema, "nyie mnachimba kwa sururu, na mchwa wameshachimba. Kwa nini hamuwaulizi wao?"

Alikuwa sahihi, na wenye elimu ya jiokemia wanalijua hilo pia. Mchwa hushuka mita nyingi kufuata unyevu, na udongo wa kujengea kichuguu hupandishwa kutoka huko chini. Tukaanza kuchukua sampuli za vichuguu kila tulipokuta mchanga mgeni umefunika, tukizitenga na sampuli za udongo wa kawaida, maana haziwezi kulinganishwa moja kwa moja. Kuna siku udongo wa juu ulionyesha ukimya mtupu na vichuguu vilionyesha shaba. Haikuwa nyingi, lakini ilitosha kutuzuia tusiandike lile neno mapema.

Dhahabu ndiyo ngumu kuliko yote kuifuta. Urani inapiga kelele, hata kama inadanganya ilipo. Dhahabu haina sauti. Gramu moja kwa tani ni sehemu moja katika milioni, na kiasi hicho kikiwa karibu na uso wa ardhi, kwenye mwamba mpana, kinaweza kujenga mgodi. Tena haikutawanyika sawasawa. Imekaa chembe hapa, chembe pale. Unapeleka maabara mfuko wa kilo mbili au tatu, wanausaga, wanachota gramu 30 au 50, wanaziyeyusha tanuruni pamoja na oksidi ya risasi, na kutoka hapo unapata namba yako. Ni sawa na kuchota kijiko kimoja kwenye sufuria ya pilau, ukakosa nyama, ukatangaza kwamba waliopika hawakuweka nyama.

Kwa hiyo kwenye dhahabu nilipenda karai kuliko watu wengi wa rika langu wanavyolipenda. Unachota mchanga na changarawe kutoka chini kabisa ya mkondo, pale unapokutana na mwamba, unazungusha, unatupa kokoto, unazungusha tena hadi ubaki mchanga mweusi. Ukiuinamisha polepole, uzito wa dhahabu unaiacha nyuma kwenye mkia. Ukitazama chembe kwa kioo cha kukuzia utaona umbo lake. Zilizosafiri mbali zimekunjwa na kulainika. Zenye kingo kali, au zilizong'ang'ania kipande cha kwazi, lile jiwe jeupe gumu, hazijatoka mbali. Wachimbaji wadogo wa Chunya walijua hayo kabla yetu sote. Eneo la dhahabu la Lupa, huko huko Chunya, liligunduliwa 1922, na hadi leo ukitaka kujua mshipa wa kwazi unaelekea wapi, kaa na mtu wa duara, yaani mchimbaji wa shimo, nusu saa, usiharakishe, na usianze kwa kumuuliza anapata gramu ngapi.

Kwenye maabara nako kuna kazi ya kufanya. Katikati ya mifuko yetu tulichomeka sampuli tatu za mtego: moja ya jiwe tunalojua halina dhahabu, moja yenye kiwango kinachojulikana, na moja iliyogawanywa mara mbili kwa namba tofauti. Jiwe tupu likirudi na dhahabu, maabara imechafuka. Nakala mbili zikitofautiana mno, dhahabu yako ni ya chembe kubwa na unahitaji mfuko mkubwa zaidi. Wapo wanaoona huu ni urasimu. Wakumbushwe Busang, Indonesia, ambako kampuni ya Bre-X ya Kanada ilitangaza moja ya amana kubwa kabisa duniani. Mwaka 1997 ikabainika kwamba sampuli zilikuwa zimenyunyiziwa dhahabu kutoka nje. Mabilioni ya dola yaliyeyuka. Waliokagua walichoronga mashimo yao wenyewe pembeni ya yale ya zamani, wakapima, wakakuta hakuna cha kuchimba.

Shaba, risasi, zinki na nikeli zina mtego mwingine: zinaonekana kila mahali. Miamba yenye magnesiamu nyingi ikioza kwenye joto na mvua zetu huacha nikeli kwenye udongo, hata kama chini hakuna salfidi (madini yenye salfa) yoyote. Nimeona ramani za udongo zenye duara kubwa jekundu la nikeli, mwenye kampuni ametabasamu hadi magego yanaonekana. Swali langu lilikuwa shaba iko wapi. Nikeli ya salfidi, kama ile ya Kabanga kule Ngara, husafiri na shaba na kobalti. Nikeli ikiwa peke yake, na kromiamu iko juu pamoja nayo, mara nyingi ni jiwe tu linalooza. Manganizi nayo ni mlafi: pale udongo ulipo mweusi kwa manganizi, inanyonya kobalti, zinki na shaba kutoka kwenye maji ya mbali, ikakuonyesha utajiri ambao si wa hapo. Kwa hiyo matokeo ya manganizi yakae kwenye jedwali moja na ya metali nyingine. Nimekuta ripoti zilizoyaacha, na ripoti hizo siziamini kwa "ndiyo" wala kwa "hapana".

Kitu kimoja tu katika metali hizi kinanipa furaha isiyo na mashaka, nacho ni galena, jiwe linalotoa risasi. Nilikwenda Mpanda kwa shughuli nyingine nikapewa kipande. Ukikishika mkono unashuka wenyewe kwa uzito, na ukikigonga hakivunjiki ovyo, kinapasuka kwa vijisanduku vyenye pande zinazong'aa. Kule Mukwamba wachimbaji walitoa risasi enzi za mkoloni, na mabaki ya juu ya mshipa, lile jiwe la kutu lenye matundu matundu, ndilo ambalo hadi leo nawaonyesha vijana nikitaka wajue sura ya kitu wanachopaswa kusimama mbele yake.

Sasa nije kwa watu, maana huko ndiko "hakuna" inakokwama zaidi. Tulikuwa na desturi ya kurudi kijijini kila msimu unapoisha, kabla barabara hazijakatwa na mvua za Desemba, kueleza tulichofanya. Mkutano mmoja uliendeshwa na mwenyekiti wa kijiji chini ya mwembe. Mama mmoja alisimama na swali ambalo wengi walikuwa nalo mdomoni: mmebeba malori ya mawe yetu, mnasema hamna kitu, mbona mlibeba?

Nilijaribu kueleza maabara na namba. Nyuso hazikubadilika. Ndipo mzee wetu wa chemchemi alipoomba tupeleke sanduku la sampuli za uchorongaji. Tukalifungua mbele ya watu. Vipande virefu vya mwamba, vimepangwa kwa mita, nusu imekatwa kwa msumeno ikaenda maabara, nusu imebaki. Tulimpa yule mama kipima mionzi akipitishe mwenyewe juu ya sanduku, kisha juu ya ukuta wa matofali wa ofisi ya kijiji. Ukuta ulilia kuliko sanduku. Watu walicheka, na baada ya kicheko yakaja maswali ya kweli: mashimo mmeyaziba? Maji ya kisima yatabadilika? Watoto wanaookota mawe pale kambini watadhurika?

Hayo yalikuwa na majibu. Mashimo huzibwa ili maji ya tabaka la chini yasichanganyike na ya juu, na tuliwapeleka vijana wawili wa kijiji wakaone saruji. Kuhusu mawe, mionzi ya alfa haipenyi ngozi, hatari yake ni kuivuta au kuimeza kama vumbi. Kwa hiyo ndani ya banda la sampuli hakuliwi, mikono inaoshwa, na banda halina kuta ili radoni isijikusanye. Kiwango cha juu cha mionzi kwa mwaka kwa mfanyakazi ni milisiviti 20, kwa raia ni 1, na kila aliyefanya kazi bandani alivaa beji ya kupima. Sampuli zenye mionzi hazitoki nchini bila kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu. Sikuwaahidi kwamba mgodi ukija hautakuwa na hatari, kwa sababu mgodi ni jambo jingine kabisa, na sikuwa mtu wa kuuahidi.

Lililobaki la "hakuna" ni karatasi. Ripoti za leseni zinazorudishwa huishia Dodoma, kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, na humo ndimo tulimoyapata yale madoa ya zamani. Ripoti nzuri ya kukosa inasema ulitafuta nini, kwa chombo gani, kwa umbali gani kati ya sampuli na sampuli, na nini hukukitafuta. Hiki cha mwisho ndicho watu wanachokisahau. Mashimo mengi ya kale kule kusini yalipimwa mionzi tu kwa kamba iliyoshushwa shimoni. Yakiandikwa "tupu", maana yake ni tupu kwa urani.

Leseni tuliyofanyia kazi ina mwenyewe mwingine sasa. Msimu uliopita kijana wao alinipigia akauliza kuhusu mashimo ya upande wa mashariki, yaliyochorongwa kabla ya sisi kufika. Nikamwambia dhahabu haikupimwa humo hata mara moja, na kwamba masanduku yalikuwa ya mbao, kwa hiyo mchwa wameshakula sehemu yake. Lebo zake ni za bati, zimepigwa namba kwa msumari, na bado zinasomeka. Aanze kwa kukusanya vipande vilivyobaki na kuvipeleka maabara kabla hajakodi mashine ya kuchoronga. Akaniuliza banda liko wapi. Nikamtumia alama za jipiesi na kumwambia avae nguo za rangi ya khaki.